Mgongo wa Mpiga Kinanda

Ubishi ulianza barazani, kama zianzavyo bishi zetu nyingi, kwa mtu kusema jambo kwa yakini asiyokuwa nayo. Tulikuwa tumeketi kwa kahawa baada ya sala ya Isha, mazungumzo yakapita kwenye siasa za dunia, na jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu ambaye sote humheshimu kwa umri na kwa elimu, akasema: "Hao Wamarekani mnaowasikia leo wakihubiri haki, ndio hao hao waliompa Hitler heshima ya kuwa Mtu wa Mwaka. Wakamtia kwenye jalada la jarida lao kubwa." Baraza likatikisa vichwa. Nami nikauliza, "Mwalimu, jalada lenyewe umeliona?" Akasema hakuliona, ila ni jambo lijulikanalo. Kwa insafu ni lazima niseme kuwa mimi pia sikuwa nimeliona.

Baadaye nililiona, limechapwa ndani ya kitabu cha historia ya uandishi wa habari, na tangu siku hiyo sikuweza kuliacha. Nimelirudia kama mtu arudiavyo shairi la fumbo ambalo kila akidhani amelifumbua hubakia ubeti mmoja unaomkatalia. Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kusoma mashairi. Naomba wanivumilie tusome picha. Kanuni si tofauti sana. Picha nayo ina vina vyake, ina mizani yake, na ina mahali ambapo msanii amekusudia kutuzuilia jambo.

Jarida ni Time la Marekani, toleo la tarehe 2 Januari 1939. Desturi ya kumteua Mtu wa Mwaka walikuwa wameianza na mwaka 1927, walipomchagua rubani Charles Lindbergh. Kigezo chao, kwa maelezo yao wenyewe, hakikuwa wema. Alichaguliwa yule aliyeyaelekeza mambo ya dunia mwaka ule kuliko wengine, kwa heri au kwa shari. Kwa mwaka 1930 walimchagua Gandhi, na kwa mwaka 1935 Haile Selassie, Mfalme wa Habeshi, wakati nchi yake ikivamiwa na majeshi ya Mussolini. Mwaka 1938 ukawa wa Adolf Hitler. Na kwa kigezo hicho, nani mwingine angeweza kuwa? Mwezi Machi aliimeza Austria bila vita. Mwisho wa Septemba, mjini Munich, Uingereza na Ufaransa zilimkatia kipande cha Chekoslovakia zikidhani zinanunua amani. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba masinagogi ya Wayahudi yakateketezwa kote Ujerumani, maduka yao yakavunjwa, na wanaume wapatao 30,000 wakakamatwa na kupelekwa kambini. Hata huku kwetu jina lake lilikuwa limekwisha kufika. Tanganyika ilikuwa chini ya Uingereza kwa dhamana ya Ushirika wa Mataifa, na mwaka ule ule ilizagaa hofu ya kwamba nchi itarudishwa kwa Wajerumani kama zawadi ya kumtuliza.

Basi mwalimu wetu alikosea kuhusu heshima, ingawa hakukosea kuhusu uteuzi. Lakini kosa hilo dogo linaficha jambo kubwa zaidi, nalo ni picha yenyewe, kwani aliyeiona hawezi kusema tena kuwa hiyo ni heshima.

Jalada la Time kwa kawaida ni uso. Ndiyo mila yake: ukingo mwekundu, na ndani yake uso wa mkubwa wa dunia ukikutazama. Hitler mwenyewe alikuwa amekwisha kutokea humo kabla ya hapo, tangu Desemba 1931. Safari hii hakuna uso. Kuna mchoro wa rangi nyeusi na nyeupe, wa kuchorwa kwenye bamba na kupigwa chapa, kazi ya Rudolph Charles von Ripper. Tumo ndani ya kanisa kuu lililonajisiwa. Mbele yetu ni kinanda cha kanisani, kikubwa kupita kiasi, na aliyekaa akikipiga ni mtu mdogo aliyevaa sare, ametupa mgongo. Juu yake kuna gurudumu kubwa, na kwenye gurudumu hilo imetundikwa miili ya watu. Wakubwa wa chama chake wapo, wanatazama.

Aliyeichora hakuwa mtu wa kubuni maovu kutoka mbali. Von Ripper alikuwa Muaustria wa ukoo wa kibwanyenye, Mkatoliki kwa malezi. Mwaka 1933 alikamatwa Berlin kwa kuwapinga Wanazi, akateswa, akatiwa katika kambi ya Oranienburg, akatolewa baada ya serikali ya Austria kumwombea. Alikwenda Hispania kuipigania Jamhuri, kisha akahamia Marekani, na vita vilipokuja aliingia jeshi la Marekani akarudi Ulaya na bunduki. Mchoro huu ni mmoja katika mfuatano wa michoro alioupa jina linalotokana na kauli mashuhuri ya Voltaire ya kutaka uovu upondwe. Mtu huyu gurudumu alilijua kwa mwili wake.

Nianze na mgongo. Katika lugha yetu kumpa mtu mgongo ni kumdharau, na kumtupa mkono ni kumwacha. Viungo vya mwili tumevipa kazi nyingi za maana. Nilipoiona picha mara ya kwanza nilidhani Hitler ndiye anayetudharau sisi kwa kutupa mgongo wake. Nilipoirudia nikaona kinyume chake. Ni msanii aliyemnyima uso. Na hapa yafaa tukumbuke kuwa dikteta hutawala kwa uso wake. Hitler alikuwa na mpigapicha wake rasmi, Heinrich Hoffmann, na picha zilizoonekana na umma zilikuwa zile zilizopendezwa na bwana mwenyewe. Uso ule ulikuwa ukutani shuleni, ukutani afisini, baadaye hata kwenye stempu za barua. Kumtoa mbele ya wasomaji wa Marekani akiwa mgongo tu, mdogo, bega limeinamia vibao vya kinanda, ni kumvua silaha aliyoipenda kuliko zote. Msanii dhaifu angemchora na pembe na meno. Angempa uso wa shetani, na shetani naye ni uso wa kutisha, na kutisha ni namna moja ya utukufu. Von Ripper amemfanya mdogo.

Nadhani hili ndilo jambo ambalo washairi wetu tunalipuuza tunapotaka kumsema mkubwa mbaya. Huwa tunamkuza kwa matusi. Tunamwita simba, nyangumi, zimwi, mpaka msomaji anaanza kumstaajabia.

Sasa gurudumu. Wakristo huliita gurudumu la Mtakatifu Katerina. Katika masimulizi yao Katerina alikuwa binti wa Iskandaria, mji wa bara letu hili, na aliuawa mwanzoni mwa karne ya 4 kwa sababu ya imani yake. Mfalme aliamuru afungwe kwenye gurudumu la mateso. Alipoligusa, gurudumu likavunjika. Ikabidi akatwe kichwa kwa upanga. Hapo ndipo picha inapouma. Kila Mkristo aliyeliona jalada lile alijua hadithi inavyokwenda, ya kwamba gurudumu huvunjika. Katika mchoro halijavunjika. Limebeba waliotundikwa, na miujiza haikuja. Msanii amechukua alama ya waumini wake mwenyewe akaigeuza ndani nje, akauliza swali ambalo kanisa la nchi yake halikutaka kuulizwa mwaka ule. Na amefanya hivyo bila kuandika neno.

Msomaji wa Unguja atakuwa amekwisha kukumbuka Mkunazini. Pale, soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, likajengwa kanisa kuu la Waanglikana, na inasemwa kuwa madhabahu yake yamewekwa mahali ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Yaani kutoka mahali pa mateso walitaka kufanya mahali pa sala. Von Ripper ameichora safari hiyo ikirudi nyuma. Mahali pa sala pamefanywa mahali pa mateso, na muziki haukukatizwa.

Muziki haukukatizwa! Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Kinanda hakipo kwa pambo tu. Ujerumani ndiyo nchi ya Bach, aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa. Hakuna taifa lililokipa chombo hicho heshima kubwa zaidi. Msanii angeweza kumpa Hitler shoka, au tochi ya moto. Amempa chombo kitukufu kabisa cha utamaduni wa Wajerumani. Anatuambia kuwa mauaji haya hayatoki msituni. Yanatoka ndani ya kanisa kuu, kwa watu waliosoma, wanaojua noti.

Na wapo wasikilizaji. Wale wakubwa wanaotazama hawana damu mikononi. Kazi yao ni kusikiliza. Nimejaribu kupima sisi tunaoitazama picha tumekaa wapi, na kila nikipima naona tumo katika kanisa lile lile, nyuma kidogo, kwenye viti.

Chini ya picha kuna maandishi machache ya Kiingereza, na mimi mfasiri siwezi kuona maandishi nikayapita. Neno kwa neno yangesema: kutoka kwa mpiga kinanda asiye mtakatifu, wimbo wa chuki. Tafsiri hiyo ni sahihi na haifai kitu. "Asiye mtakatifu" ni sote, mimi na wewe na muuza kahawa. Neno la Kiingereza lina maana ya mtu aliye dhidi ya utakatifu, aliyeingia mahali patakatifu kupatia uchafu. Kwetu huyo ni maluuni. "Kinanda" nalo lina yake: kwa wazee wa pwani kilikuwa chombo cha nyuzi, ndugu wa gambusi, kisha jina likahamia kwa kila sanduku litoalo sauti, hata santuri. Msomaji wa hapa akisoma "mpiga kinanda" bila picha, atamwona mtu wa tarabu. Lakini gumu kuliko yote ni neno la "wimbo". Kiingereza hakikusema wimbo wowote. Kimesema wimbo wa ibada, wa kumtukuza Mungu. Wakristo wa Kiswahili wana tenzi zao za kanisani. Sisi tuna kasida. Nikaandika: "Kutoka kwa mpiga kinanda maluuni, kasida ya chuki." Nilipomsomea rafiki yangu mmoja, mwenye sauti nzuri katika maulidi, alinyamaza, kisha akasema, "Ndugu yangu, maneno hayo mawili usiyaweke pamoja." Nikamwambia kuwa hivyo ndivyo Mkristo wa mwaka 1939 alivyotakiwa asikie. Hakuridhika, na sijaona kuwa ana kosa.

Zaidi ya hayo, maneno yale ya Kiingereza hayakuzaliwa siku ile. Yalikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, na yalitoka kwa mshairi. Mwaka 1914, vita vya kwanza vilipoanza, Ernst Lissauer wa Berlin alitunga shairi la kuichukia Uingereza. Shairi likaenea kama moto wa makumbi: likachapwa magazetini, likatiwa muziki, likafundishwa shuleni, na Kaisari akamtunukia mtunzi nishani ya Tai Mwekundu. Kiingereza kililiita kwa jina hilo hilo la wimbo wa ibada wa chuki, na jina likabaki katika lugha. Lissauer alikuwa Myahudi. Aliipenda Ujerumani kwa mapenzi ya mtu anayetaka kukubaliwa nyumbani. Vita vilipokwisha shairi lake likawa aibu, hakuna aliyetaka kulibeba, na Wanazi walipotawala hawakumkumbuka kwa nishani yake. Alifia Vienna mwezi Desemba 1937, miezi michache kabla Hitler hajaingia mjini humo. Mwaka mmoja baadaye maneno ya shairi lake yakachapwa chini ya mgongo wa mtu aliyewatia watu wake mbioni.

Sijui kama mhariri aliyeyaandika alimkumbuka Lissauer, lakini lugha yake ilimkumbuka. Na mimi namfikiria kuliko ninavyomfikiria Hitler, kwa sababu Hitler yu mbali nami na Lissauer ni mwenzangu wa kazi. Zamani kidogo niliombwa na afisi moja nitunge beti za kumkaribisha mkubwa aliyekuwa akija kisiwani kufungua jambo. Nilitunga beti kumi na nne, za tarbia, zenye vina safi. Ndani yake mlikuwa na ubeti mmoja wa kuwakejeli watu fulani ambao mkubwa yule hakuwapenda. Hakuna aliyeniomba ubeti huo, niliutia mwenyewe, nikijua utapigiwa makofi. Ulipigiwa. Mmoja katika watu wale alikuwa jamaa yangu kwa upande wa mama, na tangu siku ile salamu zetu ni za njiani tu. Karatasi ninayo bado. Vina vyake hadi leo sioni pa kuvirekebisha.

Nirudi kwenye picha, kwani nisingependa kuisifu bila kuitia kasoro. Ina kasoro moja kubwa. Kwa kumweka Hitler kwenye kinanda, von Ripper amemkubalia dai lake la siri, la kuwa yeye ni msanii. Tunajua alivyotaka kuwa mchoraji na chuo cha Vienna kikamkataa. Katika mchoro huu amekuwa bingwa wa chombo kikubwa. Giza lile, nguzo zile, ukubwa ule, vina mvuto, na mtu asiyejali anaweza kuliona jalada kama tangazo la tamthilia nzuri. Kwa upande huo namwona John Heartfield kuwa mkali zaidi. Huyu (ambaye jina lake la kuzaliwa ni Helmut Herzfeld, akaligeuza kuwa la Kiingereza wakati wa vita vya kwanza ili kuipinga chuki ile ile aliyoiimba Lissauer) alitengeneza jalada la jarida la wafanyakazi la AIZ, mjini Berlin, mwezi Oktoba 1932. Hitler amesimama akitoa saluti yake, kiganja kimekunjwa nyuma begani. Nyuma yake limesimama pandikizi la mtu lisiloonekana kichwa, linamtia fedha katika kiganja kile. Na pale Hitler anapojigamba kuwa mamilioni yapo nyuma yake, tunaona mamilioni ni ya fedha. Huo ni utani wa mtaani, unaeleweka na asiyejua kusoma, na hauachi utukufu hata wa punje. Lakini Heartfield anaonyesha kilichomlipa Hitler, na waliouawa hawamo. Von Ripper amewatundika pale juu, mahali ambapo jicho haliwezi kuwakwepa. Nikilazimishwa kuchagua, nitachukua ya von Ripper pamoja na kasoro yake.

Tarehe 7 Mei 1945 Time walimrudisha Hitler kwenye jalada. Uso safari hii upo, umechorwa na Boris Artzybasheff, na juu yake umepigwa mkasi mwekundu wa kufuta. Alikuwa amekwisha kufa tarehe 30 Aprili. Jalada hilo linajulikana zaidi, na kwangu ni jepesi mno: kumfuta maiti hakuhitaji ujasiri. Lile la Januari 1939 lilitoka miezi minane kabla ya vita, wakati wakubwa wa London na Paris wangali wakijipongeza kwa Munich.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya niandike badala ya kumwambia mwalimu tu kuwa alikosea. Tarehe 7 Machi 1977 jarida lile lile lilimtia Idi Amin wa Uganda kwenye jalada. Ilikuwa wiki chache baada ya kuuawa kwa Askofu Mkuu Janani Luwum, na mtu yeyote wa Kagera, ambako majeshi yake yaliingia mwaka uliofuata, hahitaji kusimuliwa Amin alikuwa nani. Sina neno la kumtetea. Lakini maandishi ya jalada hayakumwita muuaji, wala dikteta, wala mtawala maluuni. Yalimwita mtu mwitu wa Afrika.

Tazama tofauti. Hitler alipewa kinanda, kanisa, na kosa la mtu aliyekijua kilicho kitakatifu akakinajisi. Uovu wake ni usaliti wa ustaarabu, kwa hiyo ustaarabu wenyewe unabaki salama. Amin hakupewa chochote cha kusaliti. Uovu wake umepewa bara zima kuwa ndiko ulikoota, na waliokufa Uganda, nao ni Waafrika, wameingizwa katika msitu huo huo pamoja na aliyewaua. Mwaka 1939 hakuna aliyeandika "mtu mwitu wa Ulaya", ingawa Ulaya ile ilikuwa imejaa kambi. Shaaban Robert, alipoitungia vita ile utenzi wake mrefu, Utenzi wa Vita vya Uhuru, alikuwa Mwafrika anayemtazama dikteta wa Kizungu kutoka pwani hii, na kitu kimoja hakukihitaji: kuifanya Ulaya yote kuwa mwitu ili vita viwe na maana.

Niliyasema haya barazani, si kwa mpangilio huu. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, akageuza kikombe chake, akasema: "Basi yule mmoja walimnyima uso, na huyu wetu walimnyima jina." Nikamwomba ruhusa ya kuyaandika maneno hayo. Akasema niyaandike, lakini ile kasida ya chuki niitoe. Sijaitoa. Nimeiandika kwa penseli pembeni ya karatasi, chini ya "wimbo wa chuki", nayo bado ipo pale.